Vita vya Mlimani katika Wimbo, Tamthilia na Riwaya: Mtazamo kutoka Naro Moru

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza namna vita vya ukombozi vya Kenya vya miaka ya 1952 hadi 1960, vijulikanavyo zaidi kwa jina la vita vya Mau Mau, vilivyosawiriwa katika ushairi, tamthilia na riwaya, pamoja na yale yaliyofuata baada ya vita hivyo. Mahali tunaposimama ili kutazama ni Naro Moru, mji mdogo ulio katika njia itokayo Nyeri kwenda Nanyuki. Uteuzi huu una sababu. Mashariki ya Naro Moru ni Mlima Kenya; magharibi, ng'ambo ya uwanda, ni safu ya Nyandarua. Misitu ya milima hiyo ndiyo iliyokuwa ngome kuu za wapiganaji, na uwanda ulio katikati ulikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu. Aliyesimama hapo aliweza kuona kwa mtupo mmoja wa jicho msitu waliopigania ndani yake na ardhi waliyoipigania.

Wahakiki wamezoea kusema kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Kauli hiyo ina ukweli wake, lakini haitutoshi hapa, kwa kuwa kioo huonyesha sura nzima kwa mara moja. Vita vya mlimani havikuonyeshwa hivyo. Kila utanzu ulichukua kazi yake: wimbo ulipigana, tamthilia ilifungua kesi upya, na riwaya ikadai deni. Tutajaribu kuthibitisha dai hilo, kisha tuulize Kiswahili kilikuwa wapi wakati kazi hiyo ikigawanywa.

Usuli wa kihistoria

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Katika Mlima Kenya wapiganaji waliongozwa na Waruhiu Itote, aitwaye Jenerali China, mzaliwa wa Nyeri aliyekuwa amepigana Burma katika jeshi la Mwingereza. Alikamatwa Januari 1954. Katika Nyandarua kiongozi mashuhuri zaidi alikuwa Dedan Kimathi, mzaliwa wa Tetu, Nyeri. Tangu mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu zaidi ya milioni moja na kuwaweka katika vijiji vilivyozungushiwa ua na kulindwa na wanamgambo walioitwa homugadi. Wanavijiji, wengi wao wanawake, walilazimishwa kuchimba handaki refu kandokando ya msitu ili chakula kisiwafikie wapiganaji. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa kwa hukumu za mahakama. Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri, na akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Hali ya hatari iliondolewa Januari 1960.

Wimbo

Utanzu wa kwanza kuingia vitani ulikuwa wimbo, nao uliingia kabla ya bunduki. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 nyimbo za Kigikuyu zilizodai ardhi na uhuru zilichapishwa katika vijitabu na kuuzwa hadharani. Nyingi ziliimbwa kwa lahani za tenzi za kanisani. Mmisheni au bwana shauri aliyepita karibu na mkutano aliweza kudhani kwamba waumini wanamsifu Mungu, kumbe wanakula yamini. Hapa tunaona jambo ambalo nadharia ya ushairi andishi hulisahau: maana ya shairi haikukaa katika maneno peke yake. Lahani ilikuwa ngao ya maneno. Ilimficha mwimbaji kwa adui, na papo hapo ikawakumbusha wenzake kwamba dini ya mgeni imegeuzwa kuwa chombo chao.

Miongoni mwa wachapishaji wa nyimbo hizo alikuwa Gakaara wa Wanjau, mwandishi wa Nyeri. Alikamatwa hali ya hatari ilipotangazwa, akakaa kizuizini kwa miaka mingi, na huko aliandika shajara kwa siri. Shajara hiyo ilitoka mwaka 1983 kwa Kigikuyu, kwa jina la *Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ*, na mwaka 1984 ikapata Tuzo ya Noma.

Mwaka 1980 Maina wa Kinyatti alitoa mkusanyo wa nyimbo za vita kwa tafsiri ya Kiingereza, *Thunder from the Mountains*. Kazi hiyo iliziokoa nyimbo nyingi zisipotee. Hata hivyo, wimbo ukifasiriwa hubakiza maneno na kupoteza lahani; na ikiwa lahani ilikuwa nusu ya silaha, msomaji wa tafsiri amepewa mpini bila jembe.

Tamthilia

Mwaka 1974 Kenneth Watene alichapisha tamthilia iitwayo *Dedan Kimathi*. Kimathi wake ni mtu aliyesongwa na shaka, awashukuye hata walio karibu naye. Miaka miwili baadaye Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, binti wa upande wa kusini wa Mlima Kenya, walitoa *The Trial of Dedan Kimathi*, ambayo mwaka 1978 ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la *Mzalendo Kimathi*. Kabla ya kuandika walikwenda Karunaini, alikozaliwa Kimathi, wakawasikiliza watu waliomjua. Kimathi wao anakataa kujibu shtaka, kwa hoja kwamba sheria iliyotungwa na mnyang'anyi haiwezi kumhukumu aliyenyang'anywa. Gerezani hujiwa na washawishi wa kila namna, wa fedha, wa siasa na wa dini, naye huwashinda mmoja baada ya mwingine. Nje ya mahakama, mwanamke asiye na jina anabeba silaha iliyofichwa ndani ya mkate, na vijana wawili wanajifunza kwake.

Kumbukumbu za kesi yenyewe, zilizodhaniwa kuwa zimepotea, zilichapishwa mwaka 2017. Zinaonyesha kwamba Kimathi wa Nyeri alikana shtaka la kumiliki bastola, akawa na wakili, na akatoa ushahidi wa kujitetea. Je, tuseme waandishi walikosea? La. Tamthilia haikukusudia kunakili kesi ya mwaka 1956. Ilikusudia kuirudia mbele ya baraza jingine, yaani watazamaji wa Nairobi wa mwaka 1976, katika nchi ambayo marufuku ya Mau Mau ilikuwa bado haijafutwa. Hata hivyo kumbukumbu hizo zinatufunza jambo. Kimathi aliyesimama kizimbani akipigania maisha yake kwa maneno ni mtu mwenye hofu na tumaini. Shujaa wa Ngũgĩ na Mũgo hana hofu, na yule wa Watene ameelemewa nayo. Bado tunangoja tamthilia itakayombeba mtu mzima, aliyeogopa na bado akasimama.

Riwaya

Riwaya ndiyo iliyobaki na mzigo wa baada ya vita. Riwaya za mwanzo kusomwa sana ulimwenguni kuhusu vita hivi ziliandikwa na wageni: *Something of Value* (1955) ya Robert Ruark, Mmarekani, iliwaona wapiganaji kwa macho ya mlowezi. Waandishi wa Kiafrika walipoanza kujibu, hawakujibu kwa sauti moja.

Meja Mwangi, aliyezaliwa Nanyuki mwaka 1948 na kukua katika hali ya hatari, aliandika *Carcase for Hounds* (1974). Haraka, aliyekuwa chifu, anakosana na bwana shauri na kukimbilia msituni, akawa jenerali. Ukurasa kwa ukurasa tunakutana na mvua, baridi, njaa na jeraha linalooza. Baadhi ya wahakiki walimlaumu mwandishi kwa kutoonyesha siasa za mapambano. Lawama hiyo ina haki yake, lakini yeyote aijuaye mvua ya mlima huo atakiri kwamba mwili nao una ushahidi wake. Aliyekufa kwa kidonda pangoni alikufa kwa ajili ya ardhi sawa na aliyekufa akitoa hotuba.

*A Grain of Wheat* (1967) ya Ngũgĩ, ingawa mazingira yake ni ya Kiambu, inaeleza jambo ambalo Naro Moru inalijua vizuri. Wakati wa hadithi ni siku chache kabla ya Uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963. Mugo, anayesifiwa na kijiji kizima kuwa shujaa, ndiye aliyemsaliti Kihika, mpiganaji. Gikonyo amerudi kutoka kizuizini na kumkuta mkewe ana mtoto wa homugadi. Na shamba la mlowezi ambalo Gikonyo na wenzake walitaka kulinunua kwa pamoja linachukuliwa na mbunge aliyeahidi kuwasaidia. Katika tukio hilo dogo la biashara, mwandishi ameweka historia nzima ya ardhi baada ya Uhuru. *Matigari* (1986) ikaendeleza dai hilo: mpiganaji anatoka msituni akitafuta nyumba yake, naye hapati wa kumjibu. Nakala za toleo la Kigikuyu zilitwaliwa na polisi mwaka 1987. Ni dhahiri kwamba swali lilikuwa limegusa donda.

Mashamba ya Kieni, yanayoizunguka Naro Moru, yaligawanywa kwa njia ya miradi ya makazi na makampuni ya kununua ardhi. Aliyekuwa na fedha au kazi ya serikali aliweza kulipa. Aliyetoka msituni au kizuizini mara nyingi hakuwa na kitu. Katika Nyeri vipo vijiji vya hali ya hatari ambavyo wakazi wake, kizazi baada ya kizazi, wameendelea kudai hati za viwanja wanavyokalia.

Kiswahili kilikuwa wapi?

Kiswahili kina mapokeo marefu ya kusimulia vita. Hemedi bin Abdallah alitunga utenzi wa vita vya Wadachi vya 1888–1889. Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga wa Maji Maji. Ebrahim Hussein akaandika *Kinjeketile* (1969). Na vita vya Kagera vilipata utenzi wa Henry Muhanika mwaka 1981. Kwa vita vya mlimani tunayo riwaya ya P. M. Kareithi, *Kaburi Bila Msalaba* (1969), na machache mengine. Jina la riwaya hiyo peke yake linatosha kuwa shairi, tukikumbuka kwamba familia ya Kimathi imelitafuta kaburi lake kwa miongo mingi.

Sababu za upungufu huu ni zaidi ya moja. Kiapo na wimbo vilikuwa kwa Kigikuyu, lugha ya siri na ya nyumbani. Kiswahili kilisikika zaidi kinywani mwa askari na mlinzi wa kambi. Waandishi waliosoma waliandika kwa Kiingereza, lugha ya wachapishaji. Lakini historia ina mzaha wake: miongoni mwa mahali alipozuiliwa Gakaara ni Kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, ambako kambi moja ilikuwa Takwa, penye magofu ya mji wa kale wa Waswahili. Mtunzi wa mlimani aliandika shajara yake jirani kabisa na kitovu cha utenzi, na mapokeo hayo mawili hayakukutana.

Hitimisho

Tumeona kwamba wimbo, tamthilia na riwaya viligawana vita hivi, na kwamba hakuna utanzu mmoja uliovieleza vyote. Marufuku ya Mau Mau yalifutwa mwaka 2003; mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa fidia wadai 5,228. Mahakama na serikali zimesema yao. Kazi iliyobaki ni ya idara zetu, na muda wake ni mfupi: aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1952 sasa amepita 90. Nyimbo zirekodiwe pamoja na lahani zake, kutoka kwa wanawake waliochimba handaki na wanaume waliorudi kutoka kambini. Shajara ya Gakaara ifasiriwe kwa Kiswahili moja kwa moja kutoka Kigikuyu, bila kupitia Kiingereza. Hapo ndipo msomaji wa Lindi, Lamu au Kigoma atakapoweza kuisoma habari ya mlima huu kama sehemu ya habari yake mwenyewe.