Nakshi ya Ukutani na Picha ya Turubai

Mwalimu wa Gitega au wa Muyinga akiulizwa na wanafunzi maana ya uchoraji dhahania, aghalabu hujibu kwamba ni sanaa ya Ulaya: picha ya turubai isiyoonyesha mtu, mnyama wala mti, ila rangi na maumbo tu. Akiulizwa juu ya sanaa ya mtaani, hutaja kibao cha kinyozi au ukuta wa duka uliochorwa. Basi darasa hutoka na mizani hii: turubai ni ya wasomi, ukuta ni wa makabwela. Hata methali huitwa kutoa ushahidi, kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi twaona mizani hiyo ina kasoro, na historia yaweza kutusaidia kuirekebisha.

Ni kweli kwamba huko Ulaya uchoraji huo ulipata jina lake juu ya turubai. Kandinsky aliutetea kwa maandishi na kwa picha mjini Munich mnamo 1911, na mwaka 1915 Malevich alionyesha huko Petrograd picha ya mraba mweusi juu ya weupe. Watazamaji wengi walishangaa kuona picha isiyofanana na kitu chochote.

Lakini mgeni aingiaye Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, hukuta humo vikapu vya Burundi vyenye pembetatu na mistari ya mshazari, nyuzi nyeusi zikipishana na ukindu mweupe. Msusi wa kikapu hicho hakuulizwa kamwe kwa nini hakuweka sura ya mtu. Kila mtu alijua kwamba uzuri wake umo katika mpangilio na vipimo.

Tukitoka Gitega kuelekea kaskazini-mashariki, twapita Muyinga, na ng'ambo ya mpaka twafika Gisaka, mashariki mwa Rwanda. Huko wanawake walipamba kuta za ndani za nyumba kwa sanaa iitwayo imigongo. Walichanganya samadi na majivu, wakainua matuta kwa vidole ukutani, na yalipokauka wakayapaka rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Mapokeo yanamtaja Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka katika karne ya 19, kuwa mwanzilishi wake. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, vikundi vya wanawake viliifufua kazi hiyo, na siku hizi huifanya pia juu ya vibao vya kuuza. Kumbe hapa udhahania ulianza ukutani, kisha ndipo ukahamia kwenye kibao.

Kwa upande mwingine, huko Lubumbashi mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora katika miaka ya 1973 na 1974 historia ya nchi yake katika picha zaidi ya 100, juu ya vitambaa vya magunia ya unga, akizieleza kwa Kiswahili. Picha za namna hiyo zilinunuliwa na watu wa kawaida na kutundikwa sebuleni. Hapa kitambaa ndicho kilichobeba masimulizi ya wananchi.

Kwa hiyo tofauti ya turubai na ukuta haimo katika umbo la picha, wala katika elimu ya mchoraji. Imo katika mambo mawili: nani aionaye, na yaishi muda gani. Ukuta wa barabarani huonwa na kila apitaye bila kiingilio, lakini mvua na chokaa huufuta. Turubai hudumu, lakini husafiri. Mfululizo ule wa Tshibumba umehifadhiwa Amsterdam, na mtoto wa Lubumbashi hana budi kuvuka bahari ili auone.

Jambo hili latuhusu sana sisi walimu wa lugha. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kinafundishwa katika shule zake. Maneno tunayoyapeleka darasani ndiyo yatakayompangia mtoto vyeo vya vitu. Tukimwambia kwamba udhahania ni mali ya wageni, atajifunza kuiona kazi ya mama yake kuwa mapambo tu. Nasi tunalo neno la zamani, nakshi, ambalo watu wa pwani hulitumia kwa milango, kofia na mikeka bila kuuliza kama msanii wake amesoma.

Twashauri basi kwamba mwanafunzi alete kikapu cha nyumbani, akieleze kwa Kiswahili: pembetatu, mraba, mshazari, mpishano wa rangi. Kisha aonyeshwe picha ya turubai, na mwisho apelekwe barabarani kuutazama ukuta uliochorwa. Aulizwe kila kimoja kimemfaa nani, na kitakuwa wapi baada ya miaka 20. Majibu yake yatatufunza na sisi pia.