Vitabu Ndani ya Mkono wa Kanzu

Leo mwanafunzi akitoka kwenda darsani utamuona na begi mgongoni. Je, wenzetu wa zamani walibeba vitabu vyao vipi?

Imamu Shafii (150–204 Hijria, yaani 767–820) alikulia Makka akiwa yatima, na mama yake hakuwa na uwezo wa kumnunulia karatasi. Inasimuliwa kwamba akiandika aliyoyasikia msikitini juu ya mifupa, na mfupa ukijaa huutia mtungini nyumbani. Hebu fikiria, mtungi ndio maktaba!

Karatasi ilianza kutengenezwa Baghdad mwishoni mwa karne ya 8, na ilipoenea wanafunzi wakaweza kutembea na madaftari. Waliyatia wapi? Kwenye mikono ya nguo zao. Nguo za zama zile zilikuwa na mikono mipana, na mkono ndio uliokuwa mfuko. Imamu Abu Daud, mwenye ile Sunan (202–275 Hijria), alikuwa na kanzu yenye mkono mmoja mpana na wa pili mwembamba. Watu wakamuuliza, mbona hivi? Akajibu kuwa ule mpana ni wa vitabu, na huu mwingine hauna haja ya upana. Yaani hata kitambaa hakukipoteza bure.

Kwa safari ndefu mkono hautoshi, ilibidi mfuko. Hapo ndipo kinakuja kisa cha Imamu Ghazali (450–505 Hijria). Alikuwa bado kijana, anarudi kwao Tus, Uajemi, baada ya kusoma Jurjan. Njiani majambazi wakawavamia wakachukua kila kitu. Ghazali akawafuata, ingawa mkubwa wao alimtishia kumuua, akaomba arudishiwe mfuko tu, kwa sababu ndani yake mna maandishi ya elimu aliyoihangaikia. Jambazi akacheka. Vipi wadai una elimu, na sisi tukichukua mfuko unabaki huna kitu? Swali hilo latuhusu sana sisi tunaoweka masomo ya muhula mzima ndani ya simu.

Mfuko alirudishiwa. Lakini maneno yale yalimchoma, akaona ni Allah (S.W.T.) aliyemtamkisha yule mtu ili amuongoze. Alipofika Tus alikaa miaka mitatu akihifadhi yote aliyoyaandika, mpaka ikawa hata akinyang'anywa tena, elimu yake anabaki nayo.