Maji na Moto Mjini Accra

Waswahili husema kuwa ajali haina kinga. Neno ajali lilitoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni muda uliowekwa, yaani saa ya mtu ambayo haitangulii wala haichelewi. Kwa maana hiyo neno lina faraja ndani yake, maana huwapunguzia wafiwa uchungu wa kujiuliza kwa nini. Lakini faraja yaweza kuwa pazia pia. Mambo yaliyotokea Accra, mji mkuu wa Ghana, usiku wa Jumatano, tarehe 3 Juni, 2015, yaliitwa ajali. Historia ya mji huo yaonyesha kuwa jina hilo halikuyatosha.

Siku ile ilinyesha mvua kubwa, iliyopimwa kuwa zaidi ya milimita 200. Jioni ilipoingia, maji yalikuwa yamefunika barabara za mabondeni, na hasa mahali paitwapo Kwame Nkrumah Circle. Mahali hapo ni mzunguko mkubwa wa barabara uliopewa jina la kiongozi aliyeipatia nchi uhuru mwaka 1957. Ni njia panda ya mji mzima: magari ya abiria huanzia na kuishia hapo, wachuuzi hutandaza bidhaa zao, na watu wa kila namna hupita wakienda makwao. Usiku ule wengi walishindwa kwenda mbele wala kurudi nyuma. Baadhi yao walikimbilia kituo cha petroli kilichokuwa karibu, wakasimama chini ya paa lake wakingojea mvua ipungue.

Walikuwa wameruka majivu wakakanyaga moto. Petroli ilivuja, ikachanganyika na mafuriko, ikaenea mpaka kati ya miguu ya watu. Kisha ukatokea mlipuko, na kituo kikawaka pamoja na majengo na magari ya jirani. Aliyeukimbia moto alipambana na maji, na maji hayo hayo yaliwachelewesha waokoaji. Watu zaidi ya 150 walikufa usiku ule, wengine kwa kuungua, wengine kwa kuzama.

Msiba huu hauwezi kufahamika bila ya kuelewa tabia ya petroli. Imani ya watu wengi ni kuwa maji ni adui wa moto. Imani hiyo ni kweli kwa kuni na makuti, lakini si kweli kwa petroli. Uzito wake ni kama robo tatu ya uzito wa maji, kwa hiyo haizami wala haizimwi nayo. Huelea juu na kusafiri popote maji yaendapo. Tena kiwakacho hasa si petroli yenyewe bali ni mvuke wake, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini bila ya kuonekana mpaka ukutane na cheche. Matangi ya petroli huzikwa ardhini ili moto usiyafikie. Mafuriko yakifika juu ya matangi hayo, hifadhi hiyo yaweza kugeuka kuwa hatari.

Yafaa basi kuuliza maji yalifikaje hapo. Mto Odaw hutoka katika vilima vya kaskazini, hupita karibu na Circle, na huishia katika Korle, ziwa dogo la pwani lililo mlangoni mwa bahari. Wenyeji wa Accra, yaani Waga, waliliheshimu ziwa hilo kama makao ya mungu wao. Mwaka 1877 Waingereza waliuhamishia Accra makao makuu ya koloni lao kutoka Cape Coast, na mji ukaanza kukua. Ulikua zaidi baada ya uhuru. Nyumba zilijengwa kandokando ya mto, na mabonde yaliyokuwa yakinywa maji ya mvua yakafunikwa kwa saruji. Baadaye zikaja chupa na mifuko ya plastiki, zikaziba mifereji. Mto haukupotea kwa kufinywa, kwa kuwa maji hufuata mkondo wake. Mafuriko ya Julai 1995 yaliua watu mjini humo, na ya Oktoba 2011 yakaua wengine. Onyo halikukosekana.

Kamati iliyochunguza msiba ule ilisema kuwa moto ulianzishwa na sigara. Yamkini ni kweli, na ukweli huo una kazi yake. Lakini sigara ni jambo la dakika moja, na mfereji ulioziba ni jambo la miaka. Pasipokuwa na petroli juu ya maji, sigara ile ingezimika kimya. Na pasipokuwa na mafuriko, petroli isingetoka mahali pake kwenda kuwatafuta watu. Hapo ndipo Accra inapotofautiana na misiba mingine ya petroli inayokumbukwa na wasemaji wa Kiswahili. Huko Sachangwan nchini Kenya, Januari 2009, na huko Msamvu mjini Morogoro, Agosti 2019, watu waliliendea gari la mafuta lililopinduka ili wachote, na katika kila msiba walikufa zaidi ya 100. Umaskini uliwavuta kwenye petroli. Watu wa Accra hawakuiendea petroli kuichota. Wao walitafuta paa tu.

Rais John Mahama alifika mahali pa msiba, siku 3 za maombolezo zikatangazwa, na serikali ikaahidi sedi milioni 50 kwa ajili ya waathirika na matengenezo. Halafu ukaja wakati wa kutafuta mkosaji. Tarehe 20 Juni halmashauri ya mji ilibomoa vibanda vya mafukara waliokaa ukingoni mwa Korle, katika mtaa uliopachikwa jina la Sodoma na Gomora, ili mkondo upanuliwe. Maelfu walibaki bila ya makao katika majira ya mvua. Haiwezi kukanwa kuwa vibanda vile viliubana mkondo. Lakini taka zilizouziba zilitoka katika mji mzima, hata katika nyumba za kifahari zilizo juu vilimani, na zilishuka mpaka kwa maskini kwa sababu maji hushuka. Adhabu nayo ilishuka kwa njia hiyo hiyo.

Katika Accra mvua nyingi huja mwezi wa Juni kila mwaka. Kitu kirudicho kwa majira hakiwezi kuitwa cha ghafla. Binadamu hana uwezo juu ya mawingu, lakini anao juu ya mfereji, juu ya ukingo wa mto, na juu ya kiwanja ambacho kituo cha petroli huruhusiwa kujengwa. Saa ya kufa huenda imeandikwa kwa kila mtu. Waliosimama chini ya lile paa wakingojea mvua ipungue walikuwa na haki ya kutoandikiwa saa hiyo na wanadamu wenzao.