Turubai Likishakunjwa: Warsha za Bure za Matamasha na Uanagenzi wa Kariakoo

Msimu wa matamasha ukikaribia, simu za vijana wa Dar es Salaam hujaa matangazo ya warsha za bure: siku mbili za uchoraji, siku tatu za kuandika muswada wa filamu, mchana mmoja wa haki za wanamuziki. Nia ya waandaaji ni njema, na kwa kuwa kijana anaweza kumaliza shule bila kushika brashi hata mara moja, mlango wowote unaofunguliwa bila kiingilio unastahili heshima. Ninachokipinga ni mazoea ya kuipima warsha kwa ubure wake na kwa idadi ya waliohudhuria. Makala haya yanadai kwamba thamani ya warsha inategemea imefungwa wapi. Ikifungwa kwenye karakana, kikundi au klabu inayoendelea kufanya kazi baada ya turubai kukunjwa, huzaa wasanii. Isipofungwa popote, huzaa vyeti. Nitaijenga hoja hiyo nikiitazama Kariakoo, eneo lenye mafundi na biashara ya sanaa kuliko karibu sehemu yoyote ya jiji, lakini ambalo waandaaji wa warsha hulipita wakielekea kwenye bustani zenye utulivu.

Tuanze na gharama. Kijana wa Kariakoo anayeota kuwa mchoraji au mwimbaji mara nyingi tayari ana kazi. Ni winga asiye na fremu yake, anayevuta wateja kwa kamisheni. Ni msaidizi wa fundi cherehani. Ni deiwaka anayeshusha marobota alfajiri. Kipato chake ni cha siku kwa siku. Warsha inayoanza saa tatu asubuhi na kwisha saa kumi jioni humlipisha mara tatu: anakosa ujira wa siku, anatoa nauli ya kwenda na kurudi, na anahatarisha nafasi yake, maana winga asiyeonekana siku tatu hukuta mwenzake amesimama mlangoni pake. Tangazo linasema bure, na kwa mwandaaji ni kweli. Kwa huyu kijana, bei ipo na amekwisha kuipigia hesabu kabla hajajaza fomu. Matokeo yake ni kwamba warsha huwachagua washiriki bila kukusudia: hubaki na wale ambao nyumbani kuna mtu wa kuwalisha. Vipaji vyao ni halali kabisa. Ila tusiseme kwamba mlango ulikuwa wazi kwa wote.

Gharama ingeweza kuzibwa kwa posho, na hoja ingeishia hapo kama tatizo lingekuwa fedha peke yake. Tatizo kubwa zaidi liko katika namna ujuzi wa mikono unavyoingia mwilini. Katika miaka ya 1970 mwanaanthropolojia Jean Lave alifanya utafiti miongoni mwa mafundi cherehani wa Monrovia, Liberia. Aliona kwamba mwanagenzi haanzii kwenye kukata kitambaa. Huanzia mwishoni mwa kazi: vifungo, pindo, kupiga pasi. Kwa njia hiyo huiona nguo nzima, umbo na mishono yake, kabla ya kukabidhiwa mkasi, na kosa lake la mwanzo haliharibu mali ya mteja. Mwaka 1991 Lave na Etienne Wenger waliitanua hoja hiyo wakasema kwamba kujifunza ni kuingizwa taratibu katika kundi la watenda kazi, mtu akianzia pembezoni na kusogea katikati kadiri anavyoaminiwa. Aliyewahi kusubiri suruali yake nje ya fremu ya mshonaji katika mitaa ya Kongo au Mkunguni anaijua picha hii bila kusoma kitabu. Siku tatu hazitoshi kumsogeza mtu kutoka pembezoni hadi katikati. Zinaweza tu kumwonyesha kwamba katikati ipo.

Historia ya sanaa ya Dar es Salaam inaunga mkono jambo hili kwa nguvu ambayo sera zetu hazijaitambua. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa wilaya ya Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 na akauawa kwa risasi mwaka 1972. Alifanya kazi hiyo miaka minne tu. Hakuwa na chuo wala mfadhili. Alikuwa na vibao, rangi za mafuta za kung'aa, mahali pa kuuzia upande wa Oyster Bay, na ndugu na jamaa walioketi naye wakajifunza kwa kumsaidia. Alipokufa, wale waliokuwa wameketi naye waliendelea, wakaketisha wengine, na mwaka 1990 wakawa na ushirika wao. Leo mtindo wenye jina lake unajulikana duniani kote. Ni warsha gani ya tamasha, yenye wakufunzi wa kutoka nje na mabango ya wafadhili, inayoweza kuonyesha mavuno kama hayo?

Mfano wa George Lilanga unanigusa zaidi, kwa sababu unaonyesha jinsi mlango wa pembeni unavyoweza kuwa mlango mkuu. Nyumba ya Sanaa ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt, mtawa wa shirika la Maryknoll, ikawa mahali ambapo vijana walichonga, wakachora, wakapiga batiki na kuuza. Lilanga, Mmakonde aliyekwisha kujua kuchonga, aliingia hapo kwa msaada wa mjomba wake, msanii Augustino Malaba, na kazi aliyopewa ilikuwa ulinzi. Alilinda jengo huku akiona kinachofanyika ndani yake. Baadaye akaonyesha kazi zake, naye akapokewa kama msanii. Kama Nyumba ya Sanaa ingekuwa tukio la wikiendi moja, mlinzi wake angebaki mlinzi. Ujuzi ulimfikia kwa sababu mahali palikuwepo kesho yake, na keshokutwa.

Mtu anaweza kunijibu kwa mfano wa Osogbo, Nigeria, unaotajwa kila mara warsha fupi zinapotetewa. Ni kweli kwamba warsha ya mwaka 1964 iliyoongozwa na Georgina Beier ilikuwa ya siku chache, na kwamba iliwaibua Twins Seven Seven, Jimoh Buraimoh, Muraina Oyelami na wengine. Lakini tusome habari yote. Baadhi ya vijana wale walikuwa tayari na kikundi chao, kampuni ya maigizo ya Duro Ladipo, iliyofanya kazi pamoja kabla na baada ya warsha. Na Georgina Beier hakufunga mizigo siku ya vyeti: aliendelea kuishi Osogbo, akifanya kazi nao na kuwatafutia wanunuzi. Siku zile chache zilikuwa cheche. Kuni zilikuwepo, na mtu wa kuzichochea alibaki.

Karibu na nyumbani, Bagamoyo inatufundisha vivyo hivyo. Chuo cha Sanaa kilianza mwaka 1981, na tamasha lake likafuata mwaka 1982. Mpangilio huo una maana: tamasha lilizaliwa ndani ya shule, likawa jukwaa la kazi za mwaka mzima, na limevuka miongo minne, chuo chenyewe kikiwa kimebadilika kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Zanzibar, tamasha la muziki la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004, na mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, likarudi mwaka uliofuata. Mwaka ule wa kimya haukuvunja mafunzo ya muziki visiwani, kwa kuwa vijana walikuwa wakijifunza kwingine, katika Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilichofunguliwa mwaka 2002, ambako wanamuziki walioanzisha Siti and the Band walikutana. Je, ingekuwaje kama mafunzo yote yangekuwa yametundikwa kwenye ratiba ya tamasha?

Kariakoo iliwahi kuwa na majibu yake. Ukumbi wa Arnautoglo pale Mnazi Mmoja, uliojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa fedha za Mgiriki George Arnautoglou, ulikusanya chini ya paa moja mikutano, dansi na masomo ya watu wazima. Klabu za taarabu kama Al-Watan na Egyptian ziliwalea waimbaji na wapigaji ndani ya uanachama: uliingia, ukachangia, ukasikiliza, siku ikafika ukapewa ala. Katika bendi za dansi, tangu Dar es Salaam Jazz ya miaka ya 1930 hadi Kilwa Jazz na Western Jazz za mwishoni mwa miaka ya 1950, vyombo kwa kawaida vilikuwa mali ya bendi. Kijana asiye na uwezo wa kununua gitaa alilifikia gitaa kwa kufika mazoezini. Kisha mashirika ya umma yakaajiri: NUTA Jazz ikaanzishwa chini ya chama cha wafanyakazi mwaka 1964, na mwaka 1983 bendi ya Mlimani Park ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC, ambalo lilikuwa na ukumbi wake hapa Kariakoo. Mfumo huo ulikuwa na dhuluma zake, hasa kwa mwanamuziki aliyeondoka bendini mikono mitupu baada ya miaka mingi. Lakini ulitoa kitu ambacho mafunzo ya leo yanakikosa: chombo, mazoezi ya kila siku, na wakubwa wa kazi ambao walikuwa na sababu zao wenyewe za kutaka mdogo aweze.

Kuna ujuzi mmoja ambao hata bendi hizo hazikuufundisha, nao ndio naona ungetangulia katika warsha yoyote ya Kariakoo. Kuanzia enzi za kaseti hadi kilele cha filamu za Kibongo, maduka ya wasambazaji hapa Kariakoo ndiyo yaliyoamua nini kitafika Mwanza, Mbeya na Bukoba. Msanii alipeleka masta, yaani nakala mama ya kazi yake, akalipwa kwa mkupuo, na mara nyingi haki zote zikaondoka na masta hiyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwepo tangu 1999, chombo cha kuisimamia, COSOTA, tangu 2001, na stempu za kodi zilianza kubandikwa kwenye kazi za muziki na filamu mwaka 2013. Ulinzi wa kisheria ulikuwa ukiongezeka, huku msanii akiendelea kusaini asichokielewa, tena mara nyingi akiwa na njaa. Diski zimetoweka na nyimbo zimehamia kwenye simu, ila saini bado ni ileile. Somo la mkataba lililotolewa kwenye kiyoyozi na mtaalamu asiyewahi kuuza hata nakala moja halitabadilisha hilo. Lifanyike katika mtaa wa Aggrey, mezani wakiwa mwanasheria, msanii aliyewahi kuuza masta na msambazaji aliyewahi kuinunua, na mkataba halisi wa Kiswahili ukisomwa kifungu kwa kifungu. Wasambazaji wana maarifa ya miaka mingi kuhusu kinachouzika na kwa nini. Kuwaita adui peke yake ni kuyatupa maarifa hayo.

Pingamizi zito dhidi ya hoja yangu ni kwamba soko hurudufisha. Elimo Njau, mchoraji wa Marangu aliyeshiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, ametumia maisha yake yote kuwapinga wasanii wanaonakili, na ukipita kwenye vibanda vya picha vya Dar es Salaam ukakuta twiga mmoja mara mia, unamwelewa. Ukimfunga chipukizi kwa fundi, atafanya anachofanya fundi. Nakubali hatari hiyo ipo, na hapa ndipo warsha ya tamasha inapopata kazi ambayo karakana haiwezi kuifanya. Fundi ana mteja anayesubiri. Hana nafasi ya kujaribu. Warsha inaweza kununua muda wa kujaribu. Chukua kanga. Wauzaji wa mtaa wa Uhuru wanajua pindo gani linavutia, mji wa namna gani unapendeza mwilini, jina gani litamfanya mama anunue doti mbili, moja yake na moja ya shoga yake. Mwanafunzi wa uchoraji anajua rangi na umbo, lakini hajawahi kukaa nyuma ya kaunta. Wakutanishwe kwa juma moja, chipukizi wachore michoro ambayo hakuna kiwanda kilichoiagiza, wauzaji waikosoe hadharani, na ile itakayopita ichapwe kwa idadi ndogo na kuuzwa palepale. Hapo ubunifu unakutana na mteja bila kumtumikia, na baada ya tamasha duka bado lipo na muuzaji anamjua kijana kwa jina.

Nafasi Art Space, kituo cha sanaa kilichopo Mikocheni tangu 2008, imekwisha kuonyesha kwamba jiji hili linaweza kutoka kwenye warsha za kupita hadi mafunzo ya muda mrefu: mwaka 2020 ilifungua Nafasi Academy. Ni hatua kubwa. Lakini Mikocheni ni mbali kwa mtu anayeanza kazi Gerezani alfajiri, na jukumu la kulifikia soko lisiachiwe taasisi moja. Waandaaji wa matamasha wanaweza kubadili saa. Mwaka 2025 mkoa ulizindua biashara ya saa 24 Kariakoo. Kama duka linaweza kufunguliwa usiku, warsha nayo inaweza kuanza saa mbili usiku au Jumapili. Bajeti ya hoteli na nauli ya ndege ya mkufunzi mmoja ipunguzwe, fedha hizo zilipe posho inayofidia ujira wa siku, na zimlipe pia fundi mwenyeji atakayekubali kukaa na mwanagenzi miezi sita baada ya tamasha. Ripoti kwa mfadhili iandikwe baada ya mwaka mmoja, ikisema nani bado anafanya kazi hiyo na yuko kwa nani.

Linabaki suala la chumba. Soko kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021, likakarabatiwa na jengo jipya likaongezwa kando yake. Fremu hugawanywa kwa anayelipa, na kwa biashara hilo linaeleweka. Hata hivyo soko ni mali ya umma, na Shirika la Masoko ya Kariakoo pamoja na Jiji wanaweza kutenga chumba kimoja, chenye meza, umeme na kufuli, kisichodaiwa kilemba, funguo zake zikae kwa kamati ya mafundi na wasanii mwaka mzima. Tamasha lolote litakalotaka kufundisha bure Kariakoo lipitie kwa kamati hiyo, na liache hapo vifaa vyake likiondoka.