Ufa wa ukuta na ukarabati wa msingi

Ukarabati wa msingi ni kazi ya kulirudishia jengo uimara wake pale udongo unaolibeba unapovimba, unaponywea au unapohama. Mara nyingi huandamana na ukarabati wa kuta, kwa kuwa msingi wenyewe hauonekani. Kinachoonekana ni ufa, mlango uliogoma kufungika, sakafu iliyolala upande mmoja. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea: mwenye nyumba humwita fundi, fundi huziba ufa kwa saruji na kupaka rangi, na masika yanayofuata ufa hurudi palepale.

Kuzama peke yake si hatari. Nusu ya kaskazini ya jengo la Monadnock, mjini Chicago, ilijengwa mwaka 1891 kwa kuta za matofali zenye unene wa takriban mita 1.8 chini kabisa. Wasanifu wake, kampuni ya Burnham na Root, walijua udongo wa mji huo ni laini, wakakadiria kwamba jengo lingeshuka sentimita 20 na kulinyanyua kwa kiasi hicho tangu mwanzo. Lilishuka kupita makadirio yao, na hadi leo linatumika. Kinachoangamiza nyumba ni kuzama kusikolingana. Kona moja ikishuka na nyingine ikabaki, ukuta wa matofali hauwezi kujipinda, hupasuka.

Mchokozi mkubwa ni maji. Udongo mweusi wa mfinyanzi unaopatikana katika tambarare za Athi, sehemu nyingi za Nairobi na mbuga za Kanda ya Ziwa nchini Tanzania hunywa maji ya masika ukavimba, kisha kiangazi hunywea na kuacha mipasuko ya kuingiza mkono. Nyumba nyepesi isiyo na ghorofa hunyanyuliwa na kushushwa kila msimu. Ndiyo sababu wajenzi makini huuchimba na kuuondoa kabisa mpaka wafike palipo pagumu, ndipo wajaze murram na kuishindilia. London nayo imekalia mfinyanzi wa tabia hiyo. Ukame wa mwaka 1976 uliukausha, mizizi ya miti ikamalizia unyevu uliobaki, na nyumba nyingi zikapasuka. Kampuni za bima, zilizoanza kugharamia madhara ya aina hiyo mwaka 1971 tu, zikafurikwa na madai. Lakini si lazima pawe na udongo mbaya. Bomba linalovuja chini ya ardhi, shimo la maji taka lililochimbwa karibu na ukuta, au paa lisilo na gata linalomwaga maji yake yote kwenye kona moja, vyote vinatosha kuuharibu msingi mzuri.

Ufa wenyewe husomeka. Vijiufa vyembamba vilivyotapakaa kwenye lipu kwa kawaida hutokana na lipu iliyokauka haraka, na havina uzito. Ufa unaopanda ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya tofali, au unaoanzia pembe ya dirisha na kwenda mshazari, huelekeza kwenye msingi. Nchini Uingereza wapimaji wa majengo hutumia ngazi za upana: hadi milimita 5, madhara huhesabiwa kuwa ya sura tu, kutoka 5 hadi 15, milango na mabomba huanza kusumbua, ukizidi hapo, madhara huhesabiwa kuwa makubwa, na ukipita 25, uimara wa jengo zima uko hatarini. Hata hivyo, kipimo cha siku moja hakitoshi. Ufa uliotulia miaka kumi hutofautiana sana na unaotembea. Mwenye nyumba anaweza kuchora alama mbili za penseli pande zote mbili za ufa, akaandika tarehe na kupima kila mwezi, masika na kiangazi.

Pale msingi unapohitaji kweli kuongezewa kina, kazi hufanywa kwa vipande. Huchimbwa shimo la urefu wa mita moja hivi chini ya ukuta, likajazwa zege, likaachwa likaze, kisha likachimbwa jingine mbali na hilo. Mkandarasi anayefukua ukuta mzima kwa siku moja anauacha ukining'inia. Mfano mashuhuri wa kazi hii ni Kanisa Kuu la Winchester, Uingereza, lililokuwa likizama mwanzoni mwa karne ya 20. Mashimo yaliyochimbwa chini yake yalijaa maji, na kuyavuta kwa pampu kungehatarisha kuta. Kuanzia mwaka 1906 hadi 1911 mzamiaji William Walker alishuka hadi kina cha mita 6 hivi, katika maji meusi asimoona kitu, akipanga kwa kupapasa maelfu ya mifuko ya zege ili kuziba chini. Maji yalipoweza kuvutwa, waashi wakajenga juu yake.

Kuta za zamani zina kanuni yao: kinachounganisha kiwe laini kuliko kinachounganishwa. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotiwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake hupitisha unyevu nje. Zikipigwa lipu ya saruji, unyevu hukwama ndani, chumvi hujikusanya, na lipu hubanduka pamoja na vipande vya jiwe. Tofali laini za kuchoma huharibika vivyo hivyo. Viungo vilivyolika vichokonolewe kwa patasi, si kwa mashine ya kukatia, hadi kina cha mara mbili ya upana wake, vilowanishwe, kisha vijazwe kwa tabaka. Unga mweupe ukutani ni chumvi iliyoletwa na maji; usuguliwe kwa brashi kavu, na chanzo cha maji kitafutwe kabla ya kuwaza rangi. Mchanga wa pwani usiooshwa huileta chumvi hiyo hadi kwenye nyumba mpya.

Kumtafuta mtu wa kazi kuna utaratibu. Tanzania Bara, Bodi ya Usajili wa Makandarasi iliundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Kenya, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Usajili hukaguliwa huko kabla ya kutoa hata shilingi. Ufa unaotembea uchunguzwe kwanza na mhandisi asiye na maslahi katika kazi itakayofuata. Fundi mwashi mzuri huuliza maji ya paa yanakwenda wapi, huonyesha kazi aliyoifanya miaka mitatu iliyopita, na hakatai kuandikiana mkataba unaotaja kina cha uchimbaji, uwiano wa saruji na mchanga, na kumwagilia zege kwa siku zisizopungua 7. Anayedai fedha zote mbele aachwe aende. Malipo yafuate hatua za kazi, na sehemu yake ibaki mkononi mwa mwenye nyumba mpaka msimu mmoja wa masika upite.