Kisangani: kabla ya programu kulikuwa na kaye ya madeni

Kila duka la jumla katikati ya Makiso lina kaye yake ya madeni. Kona zake zimeliwa na mikono, na mwenye duka anajua maana ya kila alama iliyo ndani: huyu alichukua mifuko 3 ya sukari akalipa nusu, yule hajaonekana tangu mvua zianze, na mama mmoja wa Mangobo analipa kila Jumamosi bila kuitwa. Kijana wa Kisangani anayetaka kuishi kwa kazi ya kuweka programu za wateja huanzia mbele ya kaye hiyo. Anauliza jina baada ya jina. Mara nyingi mwenye duka anamtazama kwa mashaka, maana kaye hiyo ndiyo siri yake.

Kwa Kifaransa kazi hiyo inaitwa consultant CRM. Mitaani watu husema tu ni mtu wa enfomatiki. Anachofanya ni kuchukua yale ambayo mfanyabiashara anayaweka kichwani na kwenye karatasi, yaani majina, namba za simu, oda, madeni na malalamiko, na kuyapanga ndani ya kompyuta ili hata mfanyakazi mgeni aweze kumhudumia mteja kama mwenye duka mwenyewe. Programu zimetoka mbali, lakini kazi yenyewe si ngeni hapa. Kisangani imeianza mara nyingi, na mara nyingi imekatwa. Familia zilizohamishwa kutoka Lubunga tangu vita vya Wambole na Walengola vilipolipuka Februari 2023 hazihitaji kuelezwa uzito wa orodha: jina likikosekana, mfuko wa unga unapita.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1887 Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu wanamkumbuka kwa jina la Tippu Tip, alikubaliana na Stanley huko Zanzibar awe wali wa Stanley Falls, hapa kwetu, kwa niaba ya Leopold II. Utajiri wake ulisimama juu ya mkopo. Taria Topan, tajiri Mhindi wa Zanzibar, alikuwa akimpa mali ya kuondokea bara, naye akirudisha pembe za ndovu baada ya muda mrefu. Hakukuwa na simu wala benki njiani. Mkopeshaji alipaswa kujua mdaiwa wake ni mtu wa namna gani, alilipaje safari iliyopita, ndugu zake ni akina nani, na nani atajibu kama msafara ukipotea. Ujuzi huo ndio ambao programu ya leo inajaribu kuuweka kwenye skrini. Tusifiche upande wa pili: katika biashara ile binadamu pia walihesabiwa kama mali. Daftari halijali linaandika nini. Anayejali au asiyejali ni mwenye kalamu.

Wabelgiji walipoujenga mji wa Stanleyville, makampuni yalileta makarani. Reli ya kwenda Ponthierville, leo Ubundu, ilifunguliwa mwaka 1906 ili kukwepa maporomoko, na mizigo ilihitaji mtu wa kuandika nani ametuma nini kwa nani. Karani Mkongo aliweza kuandika kila kitu, ila uhusiano wenyewe na wauzaji wa Ulaya ulibaki mikononi mwa mzungu. Jambo hilo dogo lilikuja kulipwa ghali baadaye.

Lililipwa tarehe 30 Novemba 1973. Siku hiyo Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire. Kisangani ilikuwa na wafanyabiashara Wagiriki, Wareno na Wahindi, na maduka yao yalipewa watu walioitwa akwerere. Wengi wao walipokea funguo, rafu zilizojaa na jengo zuri. Hawakupokea kile ambacho hakiandikwi kwenye hati: nani anapeleka bidhaa kwa mkopo wa siku 90, nani anataka fedha kwanza, mteja gani wa Isangi au Banalia anaaminika hadi msimu wa mavuno. Vitu vya rafuni vikauzwa, na rafu zikabaki tupu. Kufikia 1975 na 1976 serikali yenyewe ilikuwa inawaita wenye mali wa zamani warudi. Wazee wa mji bado wanasimulia habari hiyo kama ya uvivu au ya anasa, na ukweli fulani upo. Lakini hata akwerere mwenye bidii alikuwa amepewa duka lisilo na kumbukumbu. Mwalimu anayetaka kuwaeleza wanafunzi kwa nini habari za wateja ni mali hana haja ya kuwapeleka Marekani, awapeleke 1973.

Huko Marekani, wakati huo, wauzaji walikuwa bado wanazungusha kadi za majina mezani. Programu moja iliyoitwa ACT! ilitoka mwaka 1987 kwa ajili ya kuwakumbusha wauzaji wateja wao. Mwaka 1993 Tom Siebel na Patricia House walianzisha Siebel Systems, na makampuni makubwa yakaanza kununua mitambo mizito ya kuhifadhi habari za wateja. Mwaka 1999, katika nyumba ya kupanga mjini San Francisco, Marc Benioff na wenzake wakaanzisha Salesforce. Wazo lao lilikuwa kwamba mteja asinunue programu kwenye diski, bali aitumie kupitia intaneti na kulipia kama mtu anavyolipia umeme.

Mwaka huohuo wa 1999, mwezi Agosti, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa mara ya kwanza katikati ya Kisangani. Yakarudia Mei 2000, na tena kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, vita ambavyo mji mzima unaviita vya siku sita. Maelfu ya makombora yaliangukia nyumba, shule na makanisa. Mamia ya raia walikufa. Pamoja na watu na nyumba, ziliungua pia karatasi: vyeti vya kuzaliwa, hati za viwanja, kaye za maduka.

Hasara ya karatasi hizo ilionekana baada ya miaka 22. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325. Kati ya hizo, milioni 225 ni za madhara kwa watu, milioni 40 ni za mali na milioni 60 za utajiri wa asili, na malipo ni ya milioni 65 kila mwaka kwa miaka 5. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11. Ilikuwa imetaja raia 180,000 waliokufa. Mahakama ikasema ushahidi uliopo unaelekea kati ya 10,000 na 15,000 kwa maeneo yote yaliyoguswa na kesi. Majaji hawakusema watu hawakuteseka. Walisema kwa sehemu kubwa hakuna orodha inayotosha. Fedha hizo hupitia mfuko wa FRIVAO, ambao makao yake ni hapa Kisangani, na mtu akifika huko swali la kwanza ni lilelile la mwenye duka wa Makiso: wewe ni nani, na nini kinaonyesha kwamba ndiye wewe?

Hapo ndipo historia ya programu za wateja inapokutana na ya wakimbizi, na wengi hawaijui sehemu hii. Katika vita vya Kosovo, mwaka 1999 huohuo, wafanyakazi wa Microsoft walisaidia kuandaa mtambo wa kuandikisha wakimbizi kwa kompyuta. Baadaye shirika la HCR likajenga programu yake inayoitwa proGres. Toleo lake la nne lilijengwa juu ya Microsoft Dynamics CRM, programu ileile ambayo makampuni huitumia kufuata wateja wao. Maana yake, Mkongo aliyevuka mpaka na kuandikishwa katika nchi jirani inayotumia toleo hilo anakaa ndani ya chombo kilichotengenezwa kwanza kwa ajili ya biashara. Mtu anayejua kukirekebisha chombo hicho anaweza kufanya kazi katika kampuni ya bia asubuhi na katika shirika la msaada jioni.

Hapa mjini mlango wa kazi ulifunguliwa na simu. Kabla yake ilikuwepo foni: mtu anakaa kwenye kibanda, anaita Kinshasa au Bunia kwa redio, na mwendeshaji anajua shida za kila familia kuliko paroko. Mitandao ya simu za mkononi ikaenea nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000, na vijana wakafungua kabini za kuuza yunite. Mwaka 2012 M-Pesa ilianza Kongo, na wenye kabini wakawa watunza fedha. Wakala mzuri wa wakati huo alijifunza mambo ambayo hakuna darasa lililomfundisha: kusoma namba mara mbili, kuandika kila muamala, kumtuliza mteja aliyetuma fedha kwa mtu asiye sahihi. Huo ni uhusiano na wateja, hata kama hakuna aliyeuita hivyo.

Kinachomngojea anayeanza leo ni tatizo la majina. Programu nyingi zilitengenezwa na watu wenye majina mawili, la kwanza na la ukoo. Mkongo ana jina, postnom na prénom. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, kwa hiyo wazee wengi wana cheti chenye jina moja, kadi ya uchaguzi yenye lingine, na kanisani wanaitwa la tatu. Mama anajulikana kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Tarehe ya kuzaliwa ikikosekana, mwandikaji anaweka 1 Januari. Namba ya simu ni ya jirani, au ni ya mtandao uliobadilishwa mwezi uliopita. Ukiweka habari hizo bila akili, mtu mmoja anakuwa watatu, na watu watatu wanakuwa mmoja. Kwa muuza saruji, kosa hilo ni ankara iliyopelekwa mara mbili. Kwa mjane aliyekimbia Lubunga, ni kuambiwa kwamba amekwisha kupokea.

Kwa hiyo wanaofanikiwa katika kazi hii huanza kwa kusafisha orodha, kabla ya kugusa programu yoyote. Wanachukua majina 300 ya duka la mjomba, wanayapanga kwenye Excel, wanatafuta yanayofanana, wanauliza, wanapiga simu. Njia nyingine ni kuwa mwandikaji wa uchunguzi kwa shirika, na simu yenye KoboToolbox mkononi, kulipwa kwa siku. Waliosoma biashara kwenye ISC au waliopita Chuo Kikuu cha Kisangani wana faida ya kujua hesabu, lakini anayejua kuuliza swali kwa Kiswahili, kwa Lingala na kwa Kifaransa bila kumwaibisha mtu ana faida kubwa zaidi.

Kuhusu programu yenyewe, wengi wanaosoma kwa Kifaransa huchagua Odoo. Ilianzishwa Ubelgiji na Fabien Pinckaers mwaka 2005 kwa jina la TinyERP, na toleo lake la wazi halilipiwi. Salesforce ina masomo ya bure yanayoitwa Trailhead tangu 2014. Mtihani wa kwanza wa msimamizi, hata hivyo, umekuwa dola 200 kwa miaka mingi, fedha ambazo familia nyingi hapa haziwezi kuzitoa kwa karatasi moja. Ni busara kumpata mteja wa kwanza kabla ya cheti. Na asiahidi kila kitu. Duka lenye wateja 40 linaweza kuhitaji jedwali la Excel tu, na mshauri anayesema hivyo waziwazi ndiye atakayeitwa duka likikua.

Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi ina Kanuni ya Kidijitali, ambayo ndani yake kuna kulinda habari za watu. Anayeweka orodha ya wateja, au ya wakimbizi wa ndani, anatakiwa kujua kwa nini anaichukua na nani ataiona. Mjini ambako jina la kabila limewahi kutosha kumfukuza mtu kwake, chumba cha kuandika kabila kwenye fomu si chumba cha kujaza tu kwa sababu kipo. Mshauri ana haki ya kukifuta. Familia nazo zina haki ya kuuliza kinaulizwa kwa nini, na kuomba nakala ya namba yao ya orodha kabla ya kuondoka mezani.

Halafu kuna umeme. Unapokatika, skrini inazima na mteja bado amesimama mbele ya meza. Wanaoifanya kazi hii vizuri wameliweka hilo katika mafunzo ya siku ya kwanza: karani anatoa kaye ya karatasi chini ya meza, anaandika jina, postnom, prénom, kiasi na saa, mteja anatia sahihi, na jioni umeme ukirudi mistari yote inaingizwa moja baada ya nyingine.