Józef Ulma, Mkulima wa Markowa



Juma hili tumtazame mkulima wa Poland, Mwenyeheri Józef Ulma, aliyezaliwa mwaka 1900 kijijini Markowa. Shamba lake lilikuwa dogo, naye alilitunza kwa akili nyingi: alianzisha kitalu cha miche ya matunda, akafuga nyuki na viwavi wa hariri, akajiundia hata kinu cha upepo cha kuwashia taa. Alikuwa na kamera pia. Ndiyo iliyotuachia picha za mkewe Wiktoria, waliyefunga naye ndoa mwaka 1935, akiwa na watoto wao katika shughuli za kila siku.

Wakati wa vita waliwapokea Wayahudi wanane, ingawa adhabu yake ilikuwa kifo. Tuhesabu vinywa: wazazi wawili, watoto sita, wageni wanane, wote wakitegemea kishamba kile! Katika Biblia yao, kichwa cha mfano wa Msamaria Mwema kilipigiwa mstari, na kando yake likaandikwa neno moja: «Ndiyo.»

Tarehe 24 Machi 1944 askari wa Kijerumani waliwaua Wayahudi hao, kisha Józef na Wiktoria aliyekuwa mjamzito, kisha watoto. Je, baba ana haki ya kuwaingiza wanawe katika hatari hiyo? Swali si la kipuuzi, nasi hatuna haraka ya kulijibu. Kanisa liliwatangaza wote tisa wenyeheri tarehe 10 Septemba 2023.

Katika nyumba nyingine za Markowa Wayahudi waliendelea kufichwa hadi vita vilipokwisha.